Mchunga Maboya wa Mbeya

Kilichokosekana kwanza katika nyumba ile ni mluzi. Sauti ya mtu unaweza kuizoea kutoisikia, maana hata akiwapo nyumbani mtu hunyamaza, hulala, huenda zake sokoni. Lakini Masunga Budeba alikuwa akipiga mluzi tangu anapoamka mpaka anapofunga kamba za viatu, na haukuwa mluzi wa wimbo wowote. Mmoja mrefu, miwili mifupi, kimya, kisha tena. Majirani wa nyumba za serikali chini ya mlima Loleza walikuwa wakimtania kwamba anaita mbwa asiyekuja. Alipoondoka, mwaka wa sabini na sita, mkewe Apolonia aligundua kwamba asubuhi ya Mbeya, na ukungu wake na baridi yake ya kuuma vidole, ilikuwa na kimya kikubwa ambacho hakuwahi kukijua. Alikoroga uji wa mtoto akisikia mwiko ukigonga sufuria, na zaidi ya hapo hakuna.

Mluzi ule ulikuwa wa maboya. Miaka ile mataifa kadhaa yalikuwa yameshirikiana kutega maboya katika Bahari ya Hindi: mapipa makubwa ya chuma yaliyopakwa rangi ya machungwa, kila moja limefungwa kwa mnyororo kwenye nanga iliyozama chini kabisa, na tumboni limebeba mitambo ya kupima joto la maji, mgandamizo wa hewa na kimo cha mawimbi. Zamu yake ikifika, boya lilipiga redio, mlio mrefu na mlio mfupi, likisema limeona nini. Taarifa zilikusanywa, zikapelekwa Nairobi, na kutoka huko zikavuka kwenda ng'ambo kuunganishwa na za bahari nyingine. Wataalamu walizunguka nchi wakitafuta mahali pa kusikilizia. Pwani wakapakataa: meli, bandari, umeme wa mji, kelele tupu. Juu ya milima ya Mbeya hewa ilikuwa imetulia. Hivyo ndivyo mambo ya bahari yalivyokuja kuendeshwa kutoka mahali ambapo mtu akitaka samaki hununua mkavu wa kutoka Kyela.

Mkuu wa kituo alikuwa Filemoni, Mnyakyusa wa Tukuyu, mnene, mcheshi, mwenye kupenda suti hata siku ya kukata majani. Masunga alikuwa msimamizi wa maboya. Ndiye aliyekaa na visikilizio masikioni, na ndiye aliyeamua kila siku ni boya gani limesema kweli na gani limechanganyikiwa, lipi liingie katika taarifa na lipi litolewe. Kazi hiyo alijifunza Nairobi. Lakini masikio aliyatoa kwao. Baba yake, mzee Budeba, alikuwa miongoni mwa Wasukuma wa kwanza kabisa kuteremka na ng'ombe wao kutoka Shinyanga hadi bonde la Usangu, akapiga boma ng'ambo ya Chimala, na Masunga alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe mpaka wamisionari walipomvuta shuleni.

Alipokwenda Iringa kumposa Apolonia, baba wa binti, Bartolomeo, katekista wa kijiji kimoja karibu na Tosamaganga, alimkalisha uani akamtazama viatu, kisha uso.

"Kamwene. Unafanya kazi gani, kijana?"

"Nasikiliza bahari, mzee."

"Wapi?"

"Mbeya."

Bartolomeo akaweka chini kikombe chake cha ulanzi, pombe ya mianzi. "Mama Apolonia, hebu njoo usikie. Wasukuma wameihamishia bahari Mbeya. Ndiyo maana mvua za kule haziishi."

"Haijahamia, mzee. Inapiga simu tu."

"Na wewe ndiwe unayepokea."

"Ndiyo."

"Huwa inasemaje?"

Masunga alifikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu mbio mbio. "Siku nyingi inasema ni nzima," akasema. "Mimi natoa taarifa kwamba ni nzima."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Walipobaki wenyewe alimwambia mkewe kwamba kijana anayesikiliza kiasi hicho atamsikiliza na mke, na mahari ikapokelewa.

Ni kweli alimsikiliza. Apolonia hakuwa na la kulalamika juu ya ndoa yake, ila kwamba ilikuwa na wake wenza wa chuma. Katika vitabu vya mradi maboya yalikuwa na namba. Masunga aliyapa majina ya ng'ombe wa baba yake. Kulikuwa na Kijivu, kulikuwa na Pembe Moja aliyekwaruza masikio, kulikuwa na Mtulivu wa kusini kabisa. Na kulikuwa na Madoa, ambaye sauti yake ilipanda kidogo mwishoni kana kwamba anauliza swali. Mezani Masunga angemwambia mkewe, "Leo Madoa kalala kwenye maji baridi," naye Apolonia angeuliza kama amekula, wakacheka. Bahari yenyewe Masunga hakuwahi kuiona. Likizo zake zote alikwenda Chimala kwa baba yake.

Kwa mzee Budeba kulikuwa na sheria moja waliyokuja nayo kutoka Shinyanga. Mchungaji akirudi jioni na kundi pungufu, haambii mtu kwamba ng'ombe kafa. Aliyekufa ana ngozi. Lete ngozi, au lete pembe, au hata mkia uliotemwa na fisi. Usipoleta, basi ng'ombe yu hai na wewe unamtafuta, na hivyo ndivyo utakavyosema kila ukiulizwa. Atakayesema "kafa" naye kaja mikono mitupu, watu watajua kamla au kamuuza. Masunga alipokuwa na umri wa kuchunga aliwahi kuzunguka majani ya kinamasi cha Ihefu akimtafuta mtamba mmoja mpaka miguu ikavimba kwa matope, akarudi na kwato. Baba yake aliipokea ile kwato kwa mikono miwili na hakumgombeza hata neno moja. Apolonia aliisikia habari hiyo kwanza kwa mama mkwe, Mbuke, na aliipenda. Aliona ni sheria ya watu wasioachana.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na tano Madoa alianza kusema mambo mageni. Maji yake yalipanda joto, mawimbi yake yakalala, na sauti ikawa inakuja na kupotea kama ya mtu anayeongea huku anatembea. Filemoni alisimama mlangoni mwa chumba cha redio, akasikiliza kidogo.

"Masunga, huyo kakata kamba."

"Nasikia."

"Mtoe kwenye taarifa."

"Anaita bado."

"Anaita kutoka wapi?"

"Sijui. Namtafuta."

"Unamtafuta umekaa kitini? Ndugu yangu, boya likikatika linatolewa siku hiyo hiyo. Wenzetu wanasoma maneno yake wakidhani bado liko pale tulipolitega."

"Likikatika. Nani kaona mnyororo?"

Filemoni akatikisa kichwa. "Ninyi Wasukuma, kwa huruma ya ng'ombe, mtakuja kutufukuzisha kazi."

"Na ninyi kwa ndizi."

Filemoni akacheka. Na kwa kuwa alicheka aliondoka mlangoni, na kwa kuwa aliondoka Madoa alibaki katika taarifa, mahali pake pa zamani, siku ile na siku zilizofuata. Masunga hakufanya hivyo kwa ukaidi. Kumtoa kwenye taarifa, kwake, kulikuwa ni kusimama mbele ya boma na kusema "kafa" hali mikono ni mitupu, na kitu chenyewe bado kinaita.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata boti moja ya abiria na mizigo iliondoka kusini ikielekea visiwani. Taarifa ya siku ile ilisema bahari iliyo mbele yake imelala. Bahari iliyolala ilikuwa kwingine kabisa, huko Madoa alikokuwa amechukuliwa na mkondo. Pale alipopaswa kuwa palikuwa na upepo. Boti haikufika. Redio ya taifa ilisoma habari zake wakati Apolonia anachambua maharage, na alipoinua macho alimwona mumewe amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja umeingia katika mkono wa koti na mwingine bado.

Watu wa mradi walikuja Mbeya na makaratasi yao. Wakauliza, wakaandika, wakasema boti ilikuwa kuukuu na imejaa kupita kiasi, na kwamba hakuna anayeweza kusema kwa hakika. Masunga alionywa, basi. Filemoni alimfuata nje, akamshika bega.

"Umesikia, bwana. Si wewe."

"Nimesikia."

Alimtoa Madoa kwenye taarifa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kila asubuhi aliendelea kumsikia akiita, kwa mbali, na lile swali lake mwishoni, mpaka betri zilipokwisha na siku moja hakuita tena. Siku ile Masunga alirudi nyumbani mapema, akatoa begi chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi, baba Roza?" Apolonia alikuwa amembeba mtoto mgongoni, mtoto wao wa pekee.

"Pwani. Kumtafuta."

"Kulitafuta pipa la chuma."

"Nilisema yuko pale, na hakuwa pale. Watu wamekufa. Nikimpata nitajua mahali alipokuwa, kisha niende kwa wenye marehemu niwaambie ilikuwaje. Siwezi kwenda kwao mikono mitupu."

"Na usipompata?"

Akakunja shati lake la pili. "Nitakuwa namtafuta."

Apolonia alihisi hasira ikimpanda, na hasira ile ilimfanya asilie. Akamwambia asisahau sweta. Masunga akatabasamu kidogo, akasema wanasema kule ni joto, akaliacha.

Kwa muda kidogo habari zake zilikuja na madereva wa malori. Kaonekana Lindi, anauliza wavuvi kama wameona pipa la rangi ya machungwa. Kaonekana Kilwa. Wavuvi wanamcheka lakini wanampa chakula. Kisha madereva wakawa hawana cha kusema. Mwaka wa sabini na saba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mradi ukafungasha. Mitambo ilitiwa kwenye makasha, ikateremshwa mlimani kwa lori, na Apolonia, aliyekuwa anakaa nyumba ya mtumishi asiyekuwapo, aliombwa kwa adabu aondoke. Akapanga chumba Mbalizi, akawa anauza maharage na mchele sokoni.

Baba yake akamwita Iringa. "Rudi nyumbani, mwanangu. Bado wewe ni kijana."

"Nitarudi nikiwa nani, baba?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Apolonia alikwenda Chimala kumwuliza baba mkwe wake. Mzee Budeba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya zizi, anatafuna kijiti.

"Keti, mayu, mama yangu. Umeletewa nini?"

"Sijaletewa kitu, baba."

"Kuna aliyekuja kusema kafa?"

"Hakuna."

"Basi yu hai. Tunamtafuta."

Mbuke alisimama mlangoni pa nyumba akisikiliza, na machoni mwake Apolonia aliona kwamba mama huyu naye anataka jambo lile lile analolitaka yeye, wala hathubutu kulitaja. Wote wawili walitaka ruhusa ya kulia. Sheria ya watu wasioachana haikuwa na nafasi kwa mtu aliyekwisha kuachwa. Kanisani Mbalizi, padre alipoombea wasafiri Apolonia alitaja jina la mumewe moyoni. Alipoombea marehemu alilitaja tena, kisha akaona haya, akatazama chini. Wanawake wenzake sokoni hawakujua wamwite nani. Mwanamume mmoja, fundi seremala, mtu mwema, aliacha kununua mchele kwake baada ya kuelewa kwamba hakuna mtu wa kumwendea kuomba posa.

Ilipita miaka. Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipokuwa vimekula malori na mafuta, Filemoni alishuka treni Mbeya akitoka Dar es Salaam, alikokuwa amehamishiwa. Alikuwa amekonda, suti inamning'inia. Alimkuta Apolonia sokoni, akakataa kigoda, akasimama.

"Shemeji, kuna tabibu mmoja wa zahanati nimekutana naye, ametoka kusini ya Rufiji. Anasema pale Somanga kulikuwa na mtu wa bara waliyemwita Bwana Boya."

"Kulikuwa."

"Hivyo ndivyo alivyosema, shemeji."

Apolonia alimwacha Roza kwa jirani, akapanda treni. Kutoka Dar es Salaam alikwenda kwa lori lililobeba chumvi na watu, wakavuka Rufiji kwa kivuko, wakalala njiani. Bahari aliisikia kabla hajaiona. Ilimshangaza kwamba ni kubwa kwa kelele kiasi kile, wakati mumewe aliileta nyumbani kama mluzi mdogo wa kupigia mezani.

Walimwonyesha nyumba ya Bi Somoe, mjane mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa ameketi barazani anasuka mkeka. Bi Somoe alimtazama sana.

"Wewe ndiye mama Roza."

"Ndimi."

"Karibu. Umechelewa, mwanangu, lakini karibu."

Alimpa maji kwanza, kisha akamweleza bila kuficha. Masunga alifika akiulizia pipa, na alipopata habari kwamba mume wa Bi Somoe ndiye aliyekuwa nahodha wa ile boti, alikuja akapiga magoti pale pale barazani. Akasema yeye ndiye aliyetangaza kwamba bahari imelala.

"Nikamwuliza, umemtangazia nani? Akasema, taarifa ya hali ya hewa. Nikamwambia, baba, mume wangu hakuwa na redio. Boti ile haikuwa na redio hata ya kusikilizia taarabu. Alitoka siku ile kwa sababu maembe yalikuwa yanaoza. Nilimkataza mimi mwenyewe, hakunisikia mimi, angekusikia wewe wa milimani?"

Apolonia alishika ukingo wa baraza. "Akasemaje?"

"Aliinuka, akakung'uta magoti. Nikadhani sasa atarudi kwenu. Nilimwambia, nenda kwa mkeo. Akasema anakwenda, ila bado hajampata."

"Pipa."

"Pipa. Kila alfajiri anateremka ufukweni, anapita mpaka kule kwenye mikoko. Mchana ananichotea maji, anachunga mbuzi za watu. Watoto wanamcheka, yeye anawafundisha kupiga mluzi. Mtu mpole, mwanangu. Ila ni kama ng'ombe aliyezoea njia moja." Bi Somoe akavuta ukindu kwa meno. "Masika ya mwaka jana homa ikamkamata. Ninyi wa baridi homa ya huku inawaonea. Alikuwa anaweweseka, anataja majina, mimi nadhani ni ya watoto wake. Nikamwuliza, una watoto wangapi kwani? Akasema mmoja, Roza. Wengine hao, akasema, ni mifugo."

"Alikata roho lini?"

"Alhamisi. Hatukuijua dini yake, tukamwosha kama tunavyomwosha mtu yeyote. Nguo alipewa aliyemwosha, ndivyo desturi yetu. Hakuacha kitu, mwanangu, nisije nikakudanganya."

Wakaenda kumwona alipolala. Apolonia alipiga goti, akasali sala za wafu kwa sauti, zote alizofundishwa na baba yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alijua ni sala gani inayomfaa. Bi Somoe alisimama nyuma yake na mtandio mdomoni, akaitikia amina.

Alirudi bara bila kupitia Mbalizi. Lori lilimshusha Chimala, akatembea kwa miguu mpaka bomani, vumbi limemfika magotini. Mzee Budeba alikuwa zizini. Alimwona anakuja, akatoka, akafunga lango taratibu kwa miti yake, kisha akaja kuketi.

"Umeleta nini, mayu?"

"Sikuleta kitu, baba. Nguo waligawa. Nimemwona alipozikwa."

Mzee alitazama mikono ya mkamwana wake. Kisha akaanza kumwuliza kama anavyoulizwa mchungaji aliyetoka mbali. Nani alikuwa naye? Alikuwa amekonda? Maji ya kumwosha yalitoka kisima gani? Kichwa wamekielekeza upande upi? Nani alishuka kaburini? Apolonia alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alisema hayajui. Hakupunguza wala hakuongeza. Alipofika kwenye habari ya nahodha asiye na redio, mzee alimwomba airudie, akairudia.

"Kwa hiyo hawakuyasikia maneno yake," mzee akasema.

"Hawakuyasikia, baba."

"Na yeye alilijua hilo kabla hajafa."

"Alilijua."

"Na hakurudi."

Apolonia akatikisa kichwa. Ng'ombe walikuwa wanasukumana zizini, mmoja analia kumtaka ndama wake. Mlangoni Mbuke alikuwa ameanza kuvua shanga zake shingoni, moja baada ya nyingine, anaziweka chini, na alipomaliza akaketi mavumbini, akatoa ukelele wa msiba. Mzee aligeuka kumtazama mkewe. Ilikuwa juu yake kumnyamazisha, maana hakuna kilicholetwa. Akainuka kigodani, akakisogeza kando kwa mguu, naye akaketi chini, penye samadi, kando ya mkamwana wake.

Majirani waliousikia ukelele walianza kuja. Apolonia alilia mpaka sauti ikamkauka, na wanawake wa Budeba wakamnyoa nywele kama anavyonyolewa mjane.

Masunga Budeba amezikwa Somanga, pembeni mwa makaburi ya kijiji, upande wa wageni.